Mistari mitatu niliyoifuta

Yaya wangu, kaka yangu mkubwa,

Huku mtaani Naviundu wanasema programu yako iliwadanganya watu juu ya maji yao. Neno hilo nimelisikia sokoni, nimelisikia kwa majirani, na sasa limefika Kipushi kwa mama. Nakuandikia kusema kwamba si kweli, na kwamba ni mimi ninayejua kwa nini si kweli. Naandika waziwazi kwa sababu ulichafuliwa jina mbele ya watu, nami nilikuwepo.

Wengi watakaosoma barua hii hawakukujua. Vumilia basi nikusimulie habari zako mwenyewe, wewe uliyechukia kusifiwa kuliko ulivyochukia kupunguziwa nyama.

Ulikuwa fundi wa mashine ya kupima madini katika maabara moja ya hapa Lubumbashi. Mashine yenyewe ni ya zamani, ndefu kama jeneza, na kazi yake si ngumu kueleza. Inanyunyiza maji ya kupimwa ndani ya moto, kisha inapitisha mwanga katikati ya moto huo. Kila madini humeza mwanga wa aina yake, na ukijua mwanga kiasi gani umemezwa, unajua madini ni kiasi gani. Wageni ulipenda kuwaambia kwamba shaba ina ulafi wake na risasi ina ulafi wake, na kwamba wewe kazi yako ni kuhesabu matonge. Walicheka, nawe ulibaki umekaza uso kama katekista.

Programu iliyokuja na mashine ilikufa pamoja na kompyuta yake ya kwanza. Waliotengeneza mashine walijibu kwamba hawashughuliki tena na mashine za umri huo. Wewe ukakaa chini ukaandika ya kwako, mstari kwa mstari, karibu mwaka mzima. Jumamosi nilikuwa nakuletea bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu, ukawa unakula kwa mkono mmoja huku wa pili ukiandika, na mama alilalamika kwamba sahani zake zinarudi zina alama za kalamu. Nilikuwa nimemaliza masomo ya kompyuta na sikuwa na kazi, kwa hiyo ulinikalisha kwenye kigoda ukanifundisha bila kuniuliza kama nataka.

Kila asubuhi, kabla ya kupima cha mtu yeyote, ulikinga maji ya bomba la maabara ukaipa mashine. Maji yale siku zote yana shaba kidogo kwa sababu mabomba yetu ni ya shaba, nawe ulikuwa unakijua kidogo hicho kwa kichwa. Siku nilipokuuliza kwa nini unapoteza muda na maji ya kuoshea glasi, ulinijibu bila kugeuka: "Mudogo, umuulize kwanza kintu yenye unajua jibu yake. Akikosa pale, utamuamini namna gani kwa yenye haujue?" Nilisikia, Yaya. Nataka ujue kwamba nilisikia vizuri kabisa.

Ulilazwa Jumanne, na Ijumaa hukuwepo tena. Sitaandika juu ya siku hizo tatu. Zipo, na zinanitosha.

Kwenye kilio watu walijaa mpaka barabarani. Ndugu wa upande wa baba walilala uani juma zima, na siku ya kumaliza wakagawa vitu vyako kama ilivyo desturi yetu: koti kwa huyu, viatu kwa yule, redio kwa shangazi. Kompyuta yako ya mapajani ilikwenda kwa baba mdogo, maana chombo cha kazi cha marehemu kinaanzia upande wa baba. Nilikuwa nimekaa mkekani pamoja na wanawake. Nilijua kilichomo ndani ya ile kompyuta. Programu yako yote ilikuwa humo, ikiwa hai, pamoja na kila ilichokitegemea. Lakini msichana anayefungua mdomo siku ya kugawa huambiwa anatamani mali ya wafu, nami nikaufunga. Nilipokwenda kuiomba, juma la pili, fundi wa simu alikuwa ameshaisafisha na kuijaza filamu za watoto. Baba mdogo hakukosa. Hakuna mtu aliyemwambia kitu.

Nikabaki na kifaa kidogo cha kuhifadhia, kile ulichonipa nifanyie mazoezi, chenye maandishi ya programu yako peke yake.

Maabara waliniita nishike nafasi yako. Mkuu wetu, ambaye wewe na mimi tulimwita Shefu hata asipokuwepo, alinipa kompyuta mpya na kuniambia mashine imekaa wiki tatu bila kazi. Nilitaka sana kumwonyesha kwamba hakukosea kunichagua. Nilitaka pia, kusema kweli, kukuonyesha wewe.

Sasa nieleze kosa lenyewe, maana watu wakisikia neno programu hudhani ni uchawi. Programu haijitoshelezi. Inaazima kazi nyingi kutoka kwa programu nyingine zilizoandikwa na watu wengine, na vifurushi hivyo tunaviita maktaba. Ya kwako iliazima maktaba ya kuzungumza na mashine, toleo lake la pili. Kompyuta mpya ilikuja na toleo la nne. Kila nilipotaka kuyageuza maandishi yako yawe programu inayotembea, kazi tunayoiita kukompile, kompyuta iligoma na kunimwagia ukurasa mzima wa malalamiko: hiki hakipo, kile kimebadilishwa jina, hiki kinatakiwa na kile hakikubaliani nacho. Siku nne nilirekebisha moja, yakazuka mawili. Toleo la pili nililitafuta nusu saa tu nikaacha, kwa sababu niliona aibu kurudi nyuma wakati la nne lipo mbele yangu. Mwishoni nikaipa maktaba mpya jina la ile ya zamani, ili programu yako ikiita wa pili, aitikie wa nne. Malalamiko yakaisha yote isipokuwa moja.

Lile moja lilikuwa lako. Juu kabisa ya maandishi uliweka mistari mitatu. Wa kwanza unatazama toleo la maktaba. Wa pili unasimamisha kila kitu kama si toleo la pili. Wa tatu unamwambia mtu, kwa Kiswahili chetu cha nyumbani: "Version hii apana. Simama, uliza."

Niulize nani, Yaya? Ulikuwa udongoni mwezi mmoja. Niliisoma ile mistari nikakasirika kama sijawahi kukukasirikia ungali hai. Niliona umenifungia mlango ukaondoka na ufunguo, ukaniachia Shefu, na mashine, na mama anayeandaa sahani yako mpaka leo. Nikaifuta yote mitatu. Programu ikakubali mara moja. Nilipiga makofi peke yangu.

Kisha nikaijaribu, na hapa desturi ya maabara yetu ilinisaidia kukosea. Sisi siku zote tunapimia watu wa migodi, na maji yao yamejaa shaba mpaka yana rangi. Kwa hiyo majaribio yetu ni ya dawa nzito ya shaba, yaani maji tuliyoyatia shaba nyingi ya kipimo tunachokijua, na dawa nzito ilisoma karibu sawa, ndani ya tofauti tunayoiruhusu. Maji ya bomba sikuyapima. Nilikuwa na haraka, na nilikuwa bado nimekununia.

Wiki hiyohiyo akaja Mama Kavira. Ni mwanamke wa Kivu ya Kaskazini, anauza maharage kwa jumla hapa Naviundu na ana malori mawili ya njia ya Kipushi. Alikuwa amechimbisha kisima uani kwake, na majirani saba nao wana vya kwao. Alikusanya chupa nane, akazileta mwenyewe, kila moja na jina limeandikwa kwenye plasta. Hakuuliza habari za shaba. Aliuliza kama wajukuu wake wanaweza kunywa. Nilipima risasi katika chupa zote nane, zote zikasoma sifuri. Nikatia sahihi yangu kwenye karatasi, naye akaenda kufungua bomba la uani kwa mtaa mzima.

Walikunywa siku kumi na moja.

Asubuhi ya siku hiyo ya mwisho nilikuwa naosha glasi, na mkono wenyewe, bila mimi kufikiri, ukakinga maji ya bomba ukayapeleka kwenye mashine. Shaba: sifuri. Nikachukua maji safi, nikatia tone la risasi ninalolijua kipimo chake. Sifuri. Nikatia la pili. Sifuri.

Sababu niliipata kabla ya saa sita. Moto wenyewe huzuia mwanga kidogo, hata usipotia kitu, na namba hiyo ya moto lazima iondolewe kwenye jibu. Maktaba hukabidhi namba za mashine kwa foleni, na katika toleo la pili namba ya moto inakuja ya tatu, na programu yako iliichukua hapo kwenye nafasi ya tatu. Katika toleo la nne waliongeza namba nyingine katikati, na kila kitu kikasogea. Programu yako ikawa inaondoa namba isiyohusika, kubwa mno, kutoka kwenye kila jibu. Kwenye shaba nzito upungufu huo hauonekani. Kwenye risasi kidogo ya kisimani, jibu zima linaliwa, na mashine inaandika sifuri. Wewe uliliona hilo kabla ya kila mtu, ndiyo maana uliweka mistari mitatu.

Nilikwenda kwa Shefu palepale. Nilimwambia: programu inapima vibaya, visima vya Naviundu havijapimwa. Nilisema kweli, lakini sikusema kwa nini inapima vibaya, naye hakuuliza, maana kulikuwa na jambo la haraka zaidi. Tukapanda gari na chupa tupu, tukaenda kufunga bomba.

Uani kwa Mama Kavira watu walikuwa wengi, kila mmoja na kidumu chake. Shefu si mtu mbaya, Yaya. Aliongea kwa heshima, kofia mkononi. Akasema: "Bantu ba Mungu, mutusamehe. Programu ya marehemu njo ilikuwa na makosa. Sasa tuko natengeneza."

Watu wakaguna. Bibi mmoja akasema marehemu asamehewe, hakujua. Nilikuwa mita mbili kutoka kwa Shefu, na chupa mkononi, najaza maji. Sentensi moja ingetosha. Wahenga walisema asiyekuwapo na lake halipo, na siku ile niliona jinsi linavyofanyika: haliondolewi kwa nguvu, ndugu yake anakazana tu kujaza chupa. Nilijaza chupa nane, ya kwanza pale na saba kwa majirani, nikazifunga, nikaandika majina.

Jioni ya siku ya pili mama alipiga simu. Dereva mmoja wa lori alikuwa amefikisha habari Kipushi. Mama hakuuliza kama ni kweli. Aliuliza hivi: "Yaya yako alijua? Alijua ile kintu inakosa, akaiacha?" Nilimjibu, "Apana, mama." Halafu nikasema mtandao unasumbua, nikakata kabla hajauliza la pili. Mtandao ulikuwa mzuri.

Tangu hapo nimelala vibaya na kula vibaya, lakini hayo si ya kukuhurumisha. Kazi nimeifanya. Toleo la pili nililipata, limehifadhiwa kwenye mtandao na watu wanaotunza vya zamani, na ilinichukua asubuhi moja tu. Nililiweka kwenye folda yake peke yake, la nne nikaliacha lilipo liwahudumie wengine, na programu yako nikaielekeza mahali pa kutazama. Mistari mitatu niliirudisha neno kwa neno. Ilikompile bila lalamiko hata moja. Nikapima dawa nzito, nikapima nyepesi, nikapima nyepesi zaidi, nikapima maji ya bomba, na shaba kidogo ilikuwa palepale ulipoiacha. Nililia mbele ya mashine. Shefu alipita, akadhani ni msiba bado.

Visima sita ni salama. Viwili vina risasi kuliko inavyofaa mtu kunywa, na kimoja ni cha Mama Kavira. Kama inatoka ardhini au kwenye mabomba waliyofungiwa, bado hatujui. Wajukuu wake watatu wamepelekwa kwa daktari kutolewa damu, na majibu hayajarudi. Wanacheza, wanakula, wanagombana. Daktari alisema siku kumi na moja si miaka kumi na moja. Nimeishika kauli hiyo, ingawa najua sina haki ya kufarijiwa nayo kabla ya bibi yao.

Ijumaa nikamwambia Shefu yote: jina la uongo nililoipa maktaba, mistari niliyoifuta, na kwamba alichosema uani hakikuwa kweli na mimi nilijua hivyo alipokuwa akikisema. Alivua miwani, akaifuta muda mrefu. Akasema ningeweza kuliacha hivyo, kwa kuwa wewe huna tena kazi ya kupoteza na mimi ninayo. Hakusema kwa ubaya. Nilimwambia kwamba una mama. Akarudisha miwani, akasema nisitie sahihi jibu lolote mpaka atakapoamua, na kwamba jambo la Naviundu niende nikalimalize mwenyewe.

Nilikwenda jana Jumamosi, asubuhi, saa wanazokuja kuchota kwenye kile kisima cha jirani kilicho salama. Nilimwomba Mama Kavira ruhusa ya kusema uani kwake, akanipa. Nilisema jina lako lote, jina la ukoo wetu, na kwamba programu yako ilikuwa nzima na ilinikataza, na mimi nikaifuta sehemu iliyonikataza. Wengine hawakuelewa habari za matoleo. Walielewa kwamba marehemu aliacha onyo na mdogo wake akalivunja. Hilo halihitaji shule.

Bibi yule aliyekusamehe alinitazama, akachukua kidumu chake, akaondoka bila kuniaga. Mama Kavira yeye alibaki amekaa juu ya gunia, mikono mapajani.

"Siku ile shefu yako alisema ni marehemu," akaniuliza, "weye ulikuwa fasi gani?"

Nikamwambia nilikuwa pale, karibu na bomba.

"Ulisikia?"

"Nilisikia, mama."

Nilidhani atanifukuza, na ningeondoka. Kisha akasema polepole, bila hasira, kama mtu aliyechoka: "Ile ya mayi ninaweza kukusamehe. Ulikosa, ukarudi mbio ukafunga bomba. Lakini ile ingine haiko yangu ya kusamehe."

Akasimama akaingia ndani kuwaangalia wajukuu.

Ndiyo maana nakuandikia, Yaya. Nimezunguka mji mzima nikitafuta mtu wa kunipokea toba hii, Shefu, majirani, mwanamke ambaye nimewanywesha wajukuu wake risasi, na wote wananielekeza kwako. Na kwako hakuna wa kuitikia. Niliweza kukutetea kwa sentensi moja nikiwa hai, nina sauti, nimesimama mita mbili. Wewe hukuweza. Tofauti yetu siku ile ilikuwa hiyo tu, na mimi nikaitumia kukuumiza.

Kesho naenda Kipushi. Mama hapendi kusomewa, kwa hiyo nitamwambia kwa mdomo, kisha nitanyamaza ili aulize. La kwanza nilishalijibu kwa simu. Naogopa hilo la pili, kwa sababu nadhani nalijua: ataniuliza kama nilikupenda. Nitamjibu ndiyo, na sina ushahidi wa kumwonyesha.

Pumzika, kaka yangu. Programu yako inapima sawasawa. Haikukosea hata siku moja.

Mdogo wako wa kike,
aliyesikia akanyamaza